Viwavi wa Kivinje si Maiti wa Mtu

Shamba la Pamba,
Kilwa Kivinje,
9 Septemba 1909

Mpendwa Mjomba Fakihi,

Leo umetimia mwaka na miezi miwili tangu niondoke Rutamba, na hii ni barua ya kwanza ninayokuandikia nikiwa na hasira. Lakini hasira haitangulii salamu. Shikamoo, mjomba. Assalaam alaykum, wewe na wote walioketi karibu nawe wakati mwalimu anakusomea maneno haya. U hali gani? Kifua kilichokuwa kinakubana siku za baridi kimelegea? Na mkaza mjomba, Bi Kijakazi, macho yake yanaendeleaje? Mtama je, mlivuna wa kutosha, au nguruwe walivuna kabla yenu?

Mimi ni mzima kwa uzima wa mtu wa kazi. Kidonda cha mguu kimefunga, ila baridi ya alfajiri hunikumbusha kilipokuwa. Homa huja ikaondoka. Tunakula muhogo mkavu na papa wa chumvi, na anayelalamika huambiwa aende akale kwao. Alhamdulillahi, napumua.

Sasa niruhusu niseme, maana nikikaa na neno hili kifuani litaniua kabla ya homa.

Bakary, yule mchukuzi wa nta anayepita hapo kwenu, alifika hapa juma lililopita. Nilimpokea kwa furaha, nikampa maji na muhogo, nikakaa kungoja habari za nyumbani. Alikula mpaka akamaliza. Akaniangalia kama anavyoangaliwa mgonjwa asiyejua kwamba anaumwa. Kisha akasema, "Likwata, mkweo anataka kurudisha jembe."

Nikamwuliza jembe gani. Akasema, "Jembe gani tena? Lile alilolipeleka mjomba wako siku ya posa."

Nikamwuliza kosa langu. Bakary akatazama mlangoni kwanza, akasema, "Wanasema unafuga maiti."

Amenieleza yote, nami nakurudishia hapa kama alivyonieleza, ili kama kuna uongo uniambie. Kwamba siku ya kumzika mzee Rashidi wa kisimani mlikuwa wengi. Kwamba mtani wetu Tawakali alijilaza kaburini kama ada yao, akadai kuku ndipo atoke, akapewa, akatoka. Kisha akaligeukia jeneza akapiga kelele, "Huyu mnamfukia wa nini? Mnaharibu mtu bure! Mpelekeni Kivinje kwa Likwata amning'inize kwenye kijiti cha mlimau. Mvua ikinyesha ataruka mwenyewe arudi nyumbani!" Watu wakacheka, hata mjane akacheka na machozi yake usoni.

Mpaka hapo sina ugomvi na mtu. Kazi ya mtani msibani ni hiyo. Angesema nimeolewa na nyani ningecheka, na akifiwa yeye nitamlipa.

Lakini mama mkwe hakucheka. Wanawe wawili walikwenda na ile dawa ya maji mwaka ule wa vita, na mpaka leo hatujapata hata mfupa wa kuzika. Bakary anasema aliinuka kwenye mkeka wa wanawake akasema, "Kama anao anaowaning'iniza, basi wanangu wamo." Akalia mpaka wakamshika. Kilio hicho nakijua, mjomba, na kwa kilio hicho simlaumu. Namheshimu mama mkwe, na wewe wajua kwamba kwa adabu yetu siwezi hata kusimama mbele yake nikajitetea. Ndiyo maana mtu akapewa mjomba.

Na mjomba wangu alikuwepo! Bakary anasema ulikuwa umekaa karibu na nguzo ya ukumbi, tonge mkononi. Anasema uliliangalia lile tonge muda mrefu, kisha ukalila. Neno lilikuwa moja tu la kusema: "Huyo ni mtani." Basi. Mtoto wa jando angelisema. Tangu lini maneno ya mtani kaburini yakawa ushahidi wa kuvunja nyumba ya mtu? Kama ni hivyo, basi Umwera yote haina ndoa iliyosalia, maana hakuna mume ambaye watani hawajamwita mchawi, mwizi wa kuku na hanithi.

Niwie radhi. Nimeandika kwa ukali, lakini sifuti.

Nitakueleza kazi yangu ilivyo, ili utakaposimama usisimame mikono mitupu.

Nilikuja kulima pamba kama wengine, kwa ajili ya kodi ya nyumba. Mguu ulipofanya kidonda nikawa siwezi kusimama kwenye mstari. Hapa mtu asiyesimama anaitwa mvivu, na mvivu hulazwa kifudifudi akala viboko hamsa ishirini. Siku hizo Mzungu mmoja wa shamba, sisi tunamwita Bwana Wavu, alikuwa akitafuta mtu wa kumlishia viwavi. Yeye hukimbiza vipepeo kwa wavu wa shashi wenye mpini mrefu, mtu mzima, kofia inamwanguka, anaruka matuta ya pamba kama mbuzi. Akiwapata huwachoma sindano, akawapanga katika visanduku na kuwapeleka kwao. Wenzangu wote walikataa kazi ya viwavi, wakasema itawakausha mikono. Mimi nilikubali kwa sababu ilikuwa kazi ya kukaa chini. Ndiyo uchawi wangu wote huo.

Viwavi wenyewe ni hawa hawa tunaowaona kwenye milimau na midimu huko kwetu. Akiwa mdogo ni kama mavi ya ndege, akikua ni kijani, ukimgusa anatoa pembe mbili nyekundu kichwani zenye harufu kali. Sijawahi kuona mtu wa Rutamba akimwita marehemu. Mvua inapokwisha na majani kuwa magumu, anaacha kula. Anajifunga kiunoni kwa uzi wake mwenyewe kwenye kijiti, ngozi inapasuka, ndani yake anakuwa na gamba kavu kama jani lililoanguka. Hali, hanywi, hatembei. Wengine hutoka upesi, wengine hukaa hivyo kiangazi chote, na mvua ikirudi gamba linafunguka mgongoni, kipepeo anatoka na mabawa yamekunjamana kama nguo iliyokamuliwa, anayakausha, anaondoka. Kazi yangu ni kuwalinda wakati huo wamelala. Miguu ya meza nimeisimamisha ndani ya vikopo vya maji ili sungusungu wasipande. Nafukuza panya na mijusi. Upepo wa kusi ukikausha sana, nalowesha kitambaa na kukitundika karibu, kisiwaguse. Nimewazoea, siwapendi wala siwachukii.

Mama mkwe huyo huyo, mjomba, hutundika masuke ya mbegu darini kiangazi kizima. Makavu kama kucha za mzee. Mvua ikija anayashusha, anayapukuchua, anayafukia, yanaota. Nani amemwambia kwamba anafuga maiti darini? Mweleze hivyo, kwa upole, lakini mweleze. Wa kwangu nao ni hivyo hivyo, tofauti ni kwamba mimi silimi wala sili.

Na kama kuna mtu wa kuuliza habari za maiti wa hapa, aulize vizuri, nitamjibu. Kulikuwa na mwenzetu, Tomaso, kijana wa misheni kutoka upande wa Nyangamara, ambaye tulilala mkeka mmoja. Aliangukia kwenye mstari wa pamba asubuhi, jembe mkononi, akafa hapo hapo. Nyapara akasema atolewe njiani kazi iendelee. Siku ile ile sungusungu walikuwa wameingia sanduku moja la viwavi. Bwana Wavu alikuja mbio, uso mwekundu, machozi yakiwa karibu, akatupanga mstari wote akiuliza nani alisahau kujaza maji kopo. Tomaso alikuwa amelala chini ya kitambaa, hatua chache kutoka alipokuwa amesimama. Hakuuliza hata jina lake. Sisi tulimzika wenyewe, Waislamu watupu, tukamwekea msalaba wa vijiti kwa sababu ndivyo angependa.

Mwaka wa vita Wadachi waliyachoma maghala yetu, mtama ukawaka mpaka moshi ukageuka mtamu. Tulikula mizizi. Watoto walikuwa wanakufa huku wananyonya. Leo Mdachi huyo huyo ananiamsha nikachume majani machanga ya mlimau kabla ya jua kuyakausha, kwa kuwa mdudu wake hapendi jani la jana. Mdudu amejengewa banda la makuti mapya. Mimi nalala ambako makuti yanavuja. Hayo ndiyo yangewatoa machozi huko msibani, si kijiti cha Likwata. Lakini hayo hakuna mtu anayeyasema kwa sauti, maana akida anasikia.

Tawakali alijuaje habari hizi? Alipita hapa mwezi wa Rajabu na mzigo wa nta. Nilimwingiza bandani mwenyewe, kwa kujivunia kidogo, sikatai. Alicheka mpaka akakaa chini. "Likwata, Mzungu amekuozesha funza! Usiku wanalia? Unawanyonyesha titi la kushoto au la kulia?" Nikamjibu kwamba nangoja mama yake aje awe mnyonyeshaji. Kisha akakigusa kijiti kimoja akasema huyu amekufa. Nikamwambia, "Hajafa, amelala. Mvua ikija ataruka." Hilo ndilo neno alilokwenda nalo kaburini kwa mzee Rashidi. Hakuna jingine.

Sasa niambie, mjomba, neno la mchezo kama hilo lilikomaa vipi kuwa kesi? Bakary hakutaka kusema, nikamkazia. Kumbe yule tarishi wa akida, mwenye bakora na kofia, amekuwa akipeleka chumvi na kaniki kwa mama mkwe tangu wakati wa mavuno. Kumbe kesho yake baada ya mazishi alikuwa amekaa kwenye baraza yake, anamfariji. Anamwambia amesikia habari hizo hizo kwa watu wa boma, kwamba mtu anayefuga wafu hapaswi kulala na binti wa watu, na kwamba yeye yuko tayari kumtunza Mwahija wangu. Mama aliyewalilia wanawe siku moja kabla, akaambiwa hivyo na mtu mwenye kofia. Unafikiri angejibu nini? Wamekubaliana wapishe kwanza Ramadhani, mwezi wa toba. Idi ikipita, jembe linaletwa mlangoni kwako.

Najua ni kwa nini uliliangalia tonge. Tarishi huyo ndiye anayeita watu wa kwenda kutengeneza barabara, na wewe una kifua, na Huseni mwanao ni mkubwa sasa. Hofu hiyo naijua, mjomba, mimi naamka nayo na kulala nayo. Lakini kuna hofu ya kumfanya mtu anyamaze, na kuna hofu ya kumfanya mtu auze nyumba ya mpwa wake. Usiifikie ya pili.

Nilimwuliza Bakary kuhusu Mwahija. Nilichelewa kuuliza, nikiogopa jibu. Akasema alimkuta kisimani, naye akamwambia maneno haya: "Mwambie mimi sikai na habari, nakaa na mume. Aje mwenyewe." Na akaubeba mtungi wake akaenda. Nimelitafuna neno hilo siku zote hizi. Ni la hasira, na haki yake. Mwanamke amengoja mwaka na zaidi, anasikia mumewe ni mlinzi wa makaburi, na mume hajatokea.

Basi nilikwenda kwa Bwana Wavu. Nilijipanga maneno tangu asubuhi. Nikamwambia nataka ruhusa ya kwenda kwetu. Akasema, "Hapana ruhusa. Mvua bado. Wewe toka, viwavi kufa, wewe hamsa ishirini." Anasema Kiswahili kama mtu anayepasua kuni. Nikamwambia, hata nikikaa watakufa, na hilo analijua mwenyewe. Hewa ya chumvi ya hapa imewaotesha ukungu, meza mbili tumekwisha zitupa. Yeye anasafiri kwenda Dar es Salaam na hatarudi mpaka mvua za kwanza. Nani atawalinda? Hakuna mtu wa hapa atakayeingia banda lile. Nikamwambia, nipe niwachukue. Kwetu ni bara, hakuna chumvi, nyumba yangu ina ukumbi wenye kivuli mchana kutwa. Nitawaweka kwangu kiangazi kilichobaki, na wakitoka nitamletea kila mmoja.

Alizunguka meza zake, akavigusa vijiti kimoja kimoja. Niliona aibu kumtazama, maana alikuwa na uso wa mtu anayemkabidhi mwanawe kwa mgeni. Kwa Tomaso sikuuona uso huo. Mwishoni akasema, "Peleka." Akaniandikia cheti cha njia ili askari wasinikamate.

Kwa hiyo, mjomba, hao mnaowaita maiti wanakuja Rutamba. Sikumwomba kwa kuwapenda, wala kwa kumpenda yeye. Nimewaomba kwa kuwa ndio mlango pekee niliofunguliwa wa kufika kwa mke wangu. Nitawatundika ukumbini kwangu, si chumbani, si gizani. Apendaye aje aguse. Tarishi naye akaribie na bakora yake, aniambie yupi kati yao ni shemeji yangu. Na mama mkwe, kwa sababu mimi siwezi kumsemesha, wewe ndiye utakayemshika mkono na kumleta, akae mbele yao saa atakayotaka, mpaka moyo wake ujue kwamba wanawe hawamo. Sijui kama hilo litampa nafuu. Huenda likamwumiza zaidi, maana akiamini kwamba nimewaning'iniza, angalau ana mahali pa kuja kuwadai. Nimeliwaza hilo pia. Hata hivyo ni heri tulie naye kwa kweli kuliko afarijiwe kwa uongo na mtu anayetaka binti yake.

Mimi nakuomba jambo moja tu. Wakikuletea jembe kabla sijafika, usilipokee. Mkono wako ukiligusa, ndoa imekwisha, na hakuna kadhi wala boma litakaloirudisha. Wakiliegemeza ukutani, litoe nje liegemee mti. Wakikuuliza sababu, sema mwenye jembe yuko njiani. Wakikutisha, sema hivyo hivyo. Huna haja ya kugombana na tarishi. Weka tu mikono yako nyuma.

Na Tawakali mwambie namhitaji awepo siku hiyo, maana neno ni lake, aje alimalizie. Mwambie pia nimemwekea kiwavi mmoja mnene amwoe, mahari nitamlipia mimi.

Nisalimie mkaza mjomba sana, na mwanao Huseni, umwambie asiende mbali na nyumba tarishi anapopita. Nisalimie mjane wa mzee Rashidi, Mungu amrehemu mumewe na amfanyie wepesi. Mama mkwe mpe salamu zangu za heshima kwa njia inayofaa. Mwahija mwambie nimelisikia neno lake, na kwamba sitatuma tena habari.

Mungu akulinde kifua chako, akupe ulimi siku utakayouhitaji, na atufikishe Ramadhani sote tukiwa hai.

Nitaondoka hapa siku ya ishirini ya mwezi wa toba, Bwana Wavu akishapanda meli yake. Nitashika njia ya Kiswere na Mchinga, polepole, kwa ajili ya mguu na kwa ajili ya mzigo. Inshallah ishirini na saba nitafuturu kwako. Nitaingia Rutamba mchana kweupe kwa njia kubwa, nipite mbele ya baraza ya tarishi na mbele ya mlango wa mama mkwe, sanduku kichwani, bila kulifunika.

Ni mimi mpwa wako, niliyekukasirikia na ninayekupenda vile vile,

Likwata